Simu inasema tenki limejaa, bomba linatoa upepo

Siku ya tatu baada ya kufunga mtambo, shangazi alinipigia saa moja asubuhi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha hakuzunguka: "Mwanangu, simu inasema tenki limejaa. Bomba la jikoni linatoa upepo."

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, yeye yuko Tanga, Makorora. Mtambo aliokuwa akiulalamikia niliujenga kwa mikono yangu na kuujaribu mezani juma zima, bila kosa hata moja. Naandika kisa chote hapa kwa kuwa makosa manne yaliyojitokeza si ya ajabu: ukiunganisha bodi mbili za kielektroniki kwa waya wa seriali, yaani unaopitisha data biti moja baada ya nyingine, mawili au matatu kati yake utakutana nayo. Na matatu kati yake yalikuwemo ndani tangu siku ya kwanza. Meza yangu ilikuwa inayafunika.

Mtambo wenyewe

Shangazi ana kisima uani, pampu ya nusu hospawa, na simtanki la lita 2000 juu ya mnara wa zege nyuma ya nyumba. Alitaka mambo mawili: pampu iwake na kuzima yenyewe, na kiwango cha maji akione kwenye simu badala ya kumtuma mtoto kupanda ngazi.

Juu ya tenki nikaweka Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha programu unayoiandikia, pamoja na kihisi cha HC-SR04, kile chenye macho mawili. Jicho moja hutoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio la mtu halisikii, jingine husubiri mwangwi. Uno huhesabu mikrosekunde za kwenda na kurudi, hugawa kwa 5.8, na kupata umbali wa maji kwa milimita. Chini, stoo, nikaweka ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo. Hiyo ina Wi-Fi. Ndiyo inayopokea umbali kutoka juu, inayoshika rilei ya pampu (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na inayotoa ukurasa mdogo ambao shangazi huufungua kwenye simu. Kutoka bodi hadi bodi ni mita 14 za waya.

Kihisi kinatazama chini, kwa hiyo umbali ukiwa mkubwa maji ni machache. Milimita 200 ni tenki lililojaa, 1300 ni tenki tupu, na asilimia ya kwenye simu hukokotolewa kati ya ncha hizo mbili. Pampu iwake umbali ukizidi 1000, izime ukishuka chini ya 200. Naomba msomaji azishike namba hizi, maana kila kosa lilijitambulisha kupitia kwazo.

Seriali ya namna hii, UART, haina waya wa saa. Waya ukiwa kimya hukaa juu, volti 5 kwa upande wa Uno. Baiti, yaani kundi la biti nane ambazo kila moja ni 0 au 1, inapotaka kupita, waya hushushwa kwa muda wa biti moja: hiyo ni biti ya kuanza. Zinafuata biti nane, ile ya thamani ndogo ikitangulia, kisha waya hupandishwa tena kwa biti ya kumaliza. Jumla ni biti kumi kwa kila baiti. Mpokeaji akiona mteremko ule wa kwanza huanza kuhesabu kwa saa yake mwenyewe, akichungulia katikati ya kila biti. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde biti moja huchukua mikrosekunde 104. Kwa 115200 haifiki hata 9. Mbinu hii tumeirithi kwa mashine za telegrafu, na baudi, kipimo cha kasi hiyo, imepewa jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa. Naipenda sana kwa wepesi wake. Ila kinachopita mle ni baiti tu. Waya haujui milimita, haujui mwanzo wa namba wala mwisho wake, haujui hata kama kuna mtu upande wa pili. Hayo yote lazima bodi mbili ziwe zimeshapatana kabla.

Siku ya kufunga: graundi

Hili nalipitia haraka, ingawa lilinila saa nzima juani juu ya mnara.

Nilivuta waya wa nyuzi mbili. Uzi mmoja ulitoka TX ya Uno (pini ya kutuma) kwenda RX ya ESP32 (pini ya kupokea), wa pili ulitoka TX ya ESP32 kurudi RX ya Uno. Kwa sababu Uno huongea kwa volti 5 na pini za ESP32 ni za volti 3.3, nilipitisha ishara ya Uno kwenye rezista mbili, ya omu 1000 na ya omu 2000, ili 5 ishuke kuwa 3.3. Kila bodi ikapata chaja yake ya simu. Nikawasha. ESP32 ikapokea takataka: 255, 0, 128, kimya, 255 tena.

Nikabadilisha TX na RX, nikarudisha. Nikapandisha programu upya. Uno ikakataa, kwa sababu pini 0 na 1 ndizo hizohizo ambazo kompyuta hutumia kuipandishia programu, na uzi wa ESP32 ulikuwa umeishika pini 0. Nikachomoa, nikapandisha, nikachomeka. Takataka zilezile. Mwishowe nikaweka mita kati ya GND, yaani pini ya graundi, ya ESP32 na ule uzi wa TX. Namba ikawa inatangatanga, haitulii popote.

Volti 5 ni volti 5 kulinganisha na kitu. Kitu hicho ni graundi, uzi unaohesabiwa kuwa volti 0, na bodi zangu hazikuwa na graundi ya pamoja. Chaja mbili tofauti, kila moja inaelea kivyake, na RX ya ESP32 ilikuwa inasikia mvumo wa umeme wa nyumba. Mezani bodi zote mbili zilichomekwa kwenye laptopu moja, na kebo za USB zilikuwa zimeshaziunganisha graundi bila mimi kuunganisha chochote. Juma zima nilikuwa nikitumia uzi wa tatu nisioujua.

Dawa ilikuwa rahisi. ESP32 haikuwa na neno la kumwambia Uno, kwa hiyo nikauondoa ule uzi wa kurudi na kuufanya wa graundi. Namba zikatulia. Nikala ubwabwa wa shangazi, nikapanda basi la Dar.

Namba iliyogoma kuvuka 255

Sasa turudi kwenye ile simu ya asubuhi. Ukurasa uliandika asilimia 100, tenki lilikuwa karibu kukauka. Shangazi aliniambia jambo jingine ambalo nusura nilipuuze: tangu nilipoondoka, hajawahi kuiona asilimia ikishuka chini ya 95.

Chini ya 95, mbona hapo? Nikachukua kalamu. Asilimia 95 ni umbali wa milimita 255 hivi. Na 255 ni namba kubwa kuliko zote zinazoingia katika baiti moja.

Nikamwomba binamu yangu aliye pale nyumbani awashe pampu kwa swichi ya mkono mpaka tenki lijae, kisha afungue bomba na kunisomea namba ghafi. Ukurasa ule nilikuwa nimeuwekea sehemu ya namba ghafi, na hilo nashukuru nililifanya. Akasoma: 243, 247, 250, 254. Akanyamaza. "Kaka, sasa inasema 1." Kisha 5, kisha 8.

Maji yalikuwa yanashuka taratibu na kihisi kilikuwa kinapima sawasawa. Tatizo lilikuwa mstari huu mmoja kwenye programu ya Uno: Serial.write(umbali). Amri hiyo hutuma baiti moja. Ukiipa 300, huchukua sehemu ya chini ya namba na kuitupa iliyobaki: 300 kutoa 256 ni 44, na 44 ndiyo itakayofika. Asubuhi ile umbali wa kweli ulikuwa kama 1180. Toa 256 mara nne, inabaki 156. ESP32 ikasoma 156, ikaona maji yamekaribia kihisi kupita hata kiwango cha kujaa, ikaandika 100. Pampu nayo ilikuwa inasubiri namba izidi 1000, namba ambayo kwa mpangilio ule isingekuja mpaka kiama.

Kwa nini mezani sikuliona? Nilijaribu kwa ndoo ndogo ya lita 10, ambayo kina chake hakifiki sentimita 25. Kila umbali nilioupima uliingia ndani ya baiti moja. Niliamini nimejaribu mawasiliano, kumbe nilijaribu asilimia tano tu ya tenki, ile ya juu kabisa.

Anayeanza aishike tofauti hii. Serial.write(65) hutuma baiti moja yenye thamani 65. Serial.print(65) hutuma baiti mbili: herufi "6", ambayo ni 54, na herufi "5", ambayo ni 53. Kwenye skrini ya kompyuta ya kwanza huonekana kama herufi A, ya pili kama 65. Nimewaona vijana wengi wakikwama hapo siku nzima, wakidhani waya umekatika.

Tenki lenye kina cha mita 60

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, naieleza kwa sababu ndiyo inayomjia kila mtu. Namba haiingii katika baiti moja? Itumwe kwa mbili. 1001 ni 256 mara tatu na kuzidi 233, basi Uno itume 3 kisha 233, na ESP32 ichukue ya kwanza mara 256, ijumlishe ya pili. Nikamtumia binamu programu, akaipandisha kwa laptopu yake. Ikafanya kazi siku mbili.

Siku ya tatu tenki lilifurika, maji yakamwagika mpaka kwenye banda la kuku. Binamu ndiye aliyechomoa pampu. Alinieleza kitu ambacho mpaka leo namsifu kwa kukiona: kabla ya kufurika, pampu ilikata na kuwaka tena mara tatu, kwa kupishana muda unaokaribia kulingana. Na kwenye simu namba ghafi zilikuwa kubwa mno, elfu hamsini, elfu sitini.

Elfu sitini za milimita ni mita 60. Jengo refu.

Fikiria mlolongo wa baiti: 3, 233, 3, 233, 3, 233. Mpokeaji anazikamata mbilimbili. Sasa pampu inawaka, mota inavuta umeme kwa nguvu, mwiba wa umeme unaruka kwenye waya wetu, na ESP32 inadhani imeona biti ya kuanza. Inajaza biti nane za uongo, na baiti moja isiyotumwa na mtu inaingia kwenye foleni. Kuanzia hapo jozi zimepishana: 233 inakuwa ya kwanza na 3 ya pili. 233 mara 256, ongeza 3: 59651. Tena hakuna kitakachoirekebisha, kwa sababu ndani ya mlolongo hakuna alama ya kuonyesha jozi inapoanzia. Baiti moja ya uongo, na kila kipimo kinachofuata ni cha uongo.

Zile mara tatu nazo zina maelezo. Maji yakipanda, umbali hupungua kutoka 1001. Ukifika 768, Uno hutuma 3 na 0. Zikisomwa kinyume ni 0 na 3, yaani milimita 3, na ESP32 inaona tenki limejaa, inakata. Milimita moja baadaye ni 767, baiti 2 na 255, ambazo kinyume chake ni 65282, na pampu inawaka upya. Hivyohivyo kwenye 512, hivyohivyo kwenye 256. Baada ya hapo hakuna kituo kingine hadi maji yamwagike. Si kila uwashaji wa mota huzaa baiti ya uongo, ndiyo maana jozi zilibaki zimepishana njia nzima. Nilipozipanga namba hizo kwenye karatasi na kuona zinaangukia mara tatu kamili, nilisimama nikazunguka chumba. Kosa lilikuwa limejieleza lenyewe.

Katika baiti ghafi huwezi kuchagua alama ya mwanzo kirahisi, kwa kuwa thamani yoyote kuanzia 0 hadi 255 yaweza kuwa sehemu ya kipimo. Zipo njia za kulikwepa hilo, na kwa data nyingi nisingeacha kuzitumia. Kwa namba moja kila nusu sekunde, nilichagua maandishi. Ujumbe uanze na alama ya $, herufi T na mkato, uje na tarakimu, umalizike kwa kuvuka mstari. Tarakimu haziwezi kufanana na $, kwa hiyo mpokeaji akipotea hutupa kila kitu mpaka aone $ inayofuata. Vipokezi vya GPS vimekuwa vikiongea hivi miaka mingi, kwa kanuni ya NMEA 0183, na unaweza kusoma sentensi zake kwa macho. Faida hiyo ya macho ni kubwa: binamu hahitaji kuwa fundi ili anisomee ujumbe.

Kuna mtego mwingine hapa ambao nilikuwa nimeshausikia, nikauepuka. Wengine hukwepa kugawa baiti kwa kutuma aina nzima ya data kama ilivyo kwenye kumbukumbu ya bodi. Kwenye Uno "int" (namba kamili) ni baiti 2, kwenye ESP32 ni 4. "double" (namba yenye desimali) ni 4 kwa Uno na 8 kwa ESP32. Ukitaka njia hiyo, tumia aina zenye ukubwa uliotajwa, kama uint16_t. Hata hapo uangalie ESP32 isiongeze baiti tupu katikati ili kupanga kumbukumbu yake, jambo ambalo Uno haifanyi.

Biti moja

Nilifika Tanga mwisho wa juma uliofuata nikiwa na programu mpya, nikaamini nimemaliza. Ujumbe ulikuwa mzuri, jozi hazikupishana tena. Lakini pampu ikaanza tabia nyingine: inawaka, inazima baada ya sekunde moja au mbili, inakaa, inawaka tena. Mota ndogo haipendi mchezo huo, na shangazi alikuwa ameshaanza kuitazama rilei yangu kwa jicho la mashaka.

Nikaifanya ESP32 ihifadhi jumbe hamsini za mwisho kama zilivyofika na kuzionyesha kwenye ukurasa. Nikasubiri iwake. Mlolongo ulikuwa huu: 999, 1001, 1002, 198, 999.

Ile 198 haikutoka kwa maji. Maji hucheza, kipimo huruka milimita kadhaa, lakini hayapandi sentimita 80 kwa nusu sekunde kisha yakarudi. Uno ilikuwa imetuma 998. Tarakimu 9 kama herufi ni 57, na kwa biti ni 00111001. Tarakimu 1 ni 49, kwa biti 00110001. Zitazame. Zinatofautiana kwa biti moja tu. Mota ilipowaka, mwiba wa umeme uliigeuza biti ile, 9 ikawa 1, na 198 iko chini ya 200, basi tenki "limejaa". Vivyo hivyo 8 na 0 zimeachana kwa biti moja. Kosa la aina hii halitoi takataka ambayo jicho litaikataa. Linatoa namba safi, yenye akili, na ya uongo.

Hapa nilikuwa na kazi mbili: kupunguza kelele, na kumwezesha mpokeaji kuitambua.

Kelele kwanza. Waya wangu ulipita kwenye bomba lilelile la plastiki lenye waya wa pampu, mita 14 bega kwa bega. Mezani ulikuwa na urefu wa sentimita 20 na hapakuwa na mota yoyote karibu. Kisha kasi: nilikuwa nimetumia 115200 kwa mazoea tu, maana mifano mingi ya ESP32 imeandikwa hivyo. Uno yenye saa ya megahezi 16 haiwezi kutoa 115200 kamili. Kwa kugawa saa yake hupata 117647, haraka kwa asilimia 2.1. Kwa kuwa mpokeaji huanza kuhesabu kwenye biti ya kuanza, kufikia biti ya kumaliza tofauti hiyo imejilimbikiza hadi moja ya tano ya biti. Inasomeka, lakini nafasi ya kuvumilia kelele imeliwa. Kwa 9600 tofauti ni asilimia 0.16, na kila biti ni pana mara kumi na mbili, kwa hiyo mwiba mfupi huipita biti bila kuigeuza. Ujumbe wangu wote huchukua kama milisekunde 11 kwa kasi hiyo, mara mbili kwa sekunde. Sikuwa na sababu yoyote ya kukimbia. Niliposhusha kasi makosa yalipungua sana siku hiyohiyo, lakini hayakuisha.

Utambuzi sasa. Niliongeza namba ya ukaguzi mwishoni mwa ujumbe, kwa njia ileile ya NMEA: kila herufi kati ya $ na * huunganishwa na inayofuata kwa XOR, hesabu inayolinganisha biti kwa biti na kutoa 1 pale tu zinapotofautiana, na jibu huandikwa kwa tarakimu mbili za msingi wa 16. Kwa 998 ujumbe ni $T,998*40. Ikifika kama $T,198*40, ESP32 hukokotoa upya, hupata 48, huona imeandikwa 40, hutupa. Hairekebishi, haikisii. Nusu sekunde baadaye utakuja mwingine.

Kisha nikakaa na kuujaribu ukaguzi wenyewe kwa karatasi, na hapo nikaona tundu. XOR ya herufi mbili zinazofanana ni sifuri. Zile 9 mbili za 998 zikipotea njiani pamoja, unabaki $T,8*40, na hesabu inakubali! Milimita 8, tenki limejaa, pampu inakatwa. Nikafanya umbali uwe tarakimu nne daima, 0998, na ujumbe wenye urefu tofauti ukataliwe kabla ya hesabu yoyote. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi XOR pia haioni. CRC ya biti nane, ukaguzi wa hesabu nzito zaidi, ingeona. Kwa waya unaoharibu biti lakini haupangi upya herufi, niliona XOR pamoja na urefu uliofungwa vinatosha. Kwa kifaa cha hospitali nisingesema hivyo.

Waya mpya, na ukimya

Jumapili nikauondoa ule waya wa nyuzi mbili. Badala yake nikavuta waya wa mtandao wa kompyuta, ule wenye jozi nne zilizosokotwa, kwa njia yake peke yake mbali na waya wa pampu, na kila ncha nikaifunga kibodi (bodi ndogo) cha MAX485. Vibodi hivi hufuata kanuni ya RS-485, iliyotolewa 1983 na inayotumika sana viwandani. Ishara hupita kwa nyuzi mbili zilizosokotana, moja ikipanda nyingine ikishuka, na mpokeaji husoma tofauti kati yake. Mwiba wa umeme hugusa nyuzi zote mbili karibu sawa, kwa hiyo tofauti inabaki ileile. Kwa kasi ndogo hufika mita 1200, basi mita 14 ni kama hatua mbili. Uzi wa graundi niliuacha ndani ya waya huohuo, kwa sababu hata RS-485 haivumilii graundi mbili zilizoachana sana. Na rezista zangu mbili zilibaki mahali pake upande wa stoo, kwa kuwa kibodi kile nacho hutoa volti 5.

Sitamaliza bila kusema jambo lililonikosesha usingizi kuliko biti iliyogeuka. Tuseme waya umekatwa na panya wakati pampu inafanya kazi. Ujumbe wa mwisho ulisema 640, na ESP32 inaamini 640 milele. Katika programu yangu yote ya kwanza hapakuwa na mstari hata mmoja uliouliza: nimesikia lini mara ya mwisho? Waya wa UART ukiwa kimya hukaa juu, na uliokatika unaweza kuonekana vilevile. Sasa kila ujumbe uliokubaliwa huandikiwa muda wake. Zikipita sekunde 5 bila ujumbe mzuri, pampu inakatwa na ukurasa unaandika HAKUNA HABARI badala ya asilimia ya zamani. Ili iruhusiwe kuwaka tena, lazima zifike jumbe tatu nzuri mfululizo.

Jioni nilimwita shangazi stoo. Tenki lilikuwa nusu, nikawasha pampu kwa mkono, maji yakasikika yakipanda kwenye bomba. Nikachomoa plagi ya waya wa mtandao mbele yake na kumwomba ahesabu. Alihesabu kwa sauti, taratibu, kama anayehesabia watoto. Alipofika tano rilei ikalia, mota ikanyamaza. Nikachomeka plagi, jumbe tatu zikapita, nikabonyeza, ikawaka. Akaniambia nichomoe tena, safari hii ahesabu kimoyomoyo.